Bwana Sogea na Mwanamke wa Pembeni mwa Picha

Ndugu waombolezaji, kaka yetu, ambaye wengi mlimjua kwa jina la Bwana Sogea, alizaliwa tarehe 14 Machi 1949, mtoto wa pili wa fundi saa. Kwa baba alirithi kufumba jicho moja na kutoamini kitu mpaka akifungue.

Alisoma hadi kidato cha nne, akamaliza mwaka 1967. Mwalimu wa jiografia alimlalamikia baba kwamba kijana ana akili, ila anachungulia mno dirishani.

Tarehe 6 Desemba 1975 alimwoa mshona nguo, na mwaka uliofuata akafungua studio ghorofani, juu ya duka la mkewe. Kamera yake ilikuwa ya kizamani, yenye dirisha dogo la kupimia umbali. Mwaka 1981 akainunulia lenzi pana ya mtumba, inayomeza ukumbi mzima. Dirisha la kamera halikuweza kuonyesha upana huo, hivyo akapachika juu yake kidirisha cha ziada. Alipima umbali chini, akahamishia jicho juu, akawaambia watu, "Sogeeni," na mwenyewe akasogea kuliko wao. Kidirisha hicho alikipata kwa muuzaji mwingine, na kumbe kilitengenezewa lenzi isiyo pana kama ile. Picha zikawa zinazoa watu ambao jicho lake halikuwaona.

Miaka yote hiyo mkewe hakuwa na habari na picha, labda za magauni aliyoyashona mwenyewe. Mpaka harusi moja ya mwaka 1982. Ukingoni kushoto alitokea mwanamke wa kitambaa cha maua, anacheka. Harusi iliyofuata, yumo. Ya tatu, yumo.

"Huyu nani?"

"Mpambaji wa kumbi. Mimi simwoni, mke wangu. Lenzi inamzoa tu."

"Lenzi ina jicho lake na wewe una lako. Njia ya mwongo ni fupi."

Tangu hapo hakuna picha iliyotoka studio kabla mkewe hajaipitia kwa kioo cha kukuzia: pembe hii, pembe ile, maharusi mwisho. Alimwalika hata mpambaji chai, apate kumsoma vizuri. Wakazoeana, huyu akimshonea mwenzake nguo, yule akimpambia sherehe, lakini shaka haikuondoka.

Tarehe 9 Februari 2019 kaka alipatwa na kiharusi. Siku moja mkewe aliichukua ile kamera, akaweka beseni kando ya kiti, akachungulia kidirishani huku akisogea mpaka beseni halionekani tena, akapiga. Binti yao alipoisafisha picha, beseni hilo hapo, zima. Mama akaona aibu, akaenda nayo kitandani.

"Kumbe ulisema kweli, baba watoto. Hukuwa unamwona."

Kaka alijibu taratibu, ulimi mzito. "Ile ya kwanza sikumwona. Zilizofuata nilimwona. Nilimwachia nafasi makusudi."

"Makusudi ya nini?"

"Kabla yake, hukuwahi kutazama picha zangu."

Alifariki tarehe 21 Aprili 2019, mkono wake ukiwa ndani ya mkono wa mkewe. Mjane anasema anampenda na anamlilia, na anasema pia kwamba mtu anayejitetea huweza kusema lolote. Ameagiza yasomwe yote mawili.

Marehemu ameacha mjane, watoto watatu, wajukuu wanane na sisi ndugu zake wawili. Mpambaji naye yupo, ndiye aliyepanga maua haya. Asubuhi, familia ilipojipanga kupigwa picha ya leo, alisimama kando kabisa. Mjane akamwita mbele ya watu wote: "Njoo hapa katikati, dada, karibu yangu. Nimechoka kukutafuta pembeni."

Kaka apumzike kwa amani, na picha zake ziendelee kutazamwa.