Maji Yaliyowashinda Wote

Katika basi la Nzega, Advera alitega sikio. Bi Shifaa, muuza vitenge, alikuwa akimweleza mzee Alois, jirani yake wa kiti, kwamba michezo ya mezani aliichukia, kwani kaka yake akimfunga humcheka wiki nzima.

"Mwanangu akaleta mchezo mwingine. Wachezaji wote tunaokoa kijiji kimoja kwenye mafuriko. Kaka akaniuliza, 'Shifaa, tufanyeje?' Mzee wangu, hajawahi kuniuliza kitu!"

"Sasa mlimshinda nani?"

"Maji yalitushinda sote. Tukaanza upya."

"Mchezo usio na wa kuchekwa si mchezo," alisema Alois. Advera, ambaye hakuulizwa, alikubaliana naye.

Basi likasimama Lusu. Alois akashuka na kapu lake, kisha akarudi dirishani.

"Mama, hayo maji huanzia upande gani?"