Aliyeandika Barabara ya Kinu: Wasifu wa Marehemu Matthew Wekoye

Marehemu Matthew Wekoye alizaliwa Chwele tarehe 14 Machi 1958, mtoto wa tatu wa marehemu Mzee Makokha na marehemu Mama Jentrix. Alisoma hadi darasa la saba. Mwalimu alizoea kumwita mbele aandike tarehe ubaoni, kwa kuwa mwandiko wa mtoto ulikuwa mzuri kuliko wa mwalimu.

Mwaka 1977 alienda Kitale, akaanza kuandika majina ya maduka kwenye Barabara ya Kinu. Kulikuwa na kinu cha mahindi cha mwaka 1936, kuta zake za mawe. Ukumbi wa sinema uliogeuzwa kanisa. Na maduka ya Wahindi yenye varanda na nguzo. Kwa miaka arobaini na saba, kila jina lililosomwa pale lilitoka mkononi mwake. Alipima kwanza kwa uzi na chaki. Herufi ikipinda, alirudi kuinyoosha bila kuitwa.

Tarehe 15 Desemba 1984 alifunga ndoa na Agneta wa Kibabii. Mungu aliwajalia watoto watatu.

Februari 2024 maafisa wa barabara walimpa kopo la rangi nyekundu na orodha ya majengo ya kutiwa X, alama ya kubomolewa. Aliambiwa zitakatwa varanda tu, barabara ipanuliwe. Aliamini. Akapima kwa uzi na chaki kama kawaida yake, hata X zikapendeza. Mama Gladwell, ambaye hoteli yake aliiandikia jina mwaka 1986, alitoka nje.

"Wekoye, si ni wewe uliniandikia hii jina? Sasa unanifuta na mkono ile ile?"

"Ni varanda tu, mama."

Tarehe 6 Agosti matingatinga yaliangusha kila kitu: kinu, ukumbi, hoteli. Marehemu alisimama ng'ambo akitazama hadi jioni. Baada ya hapo watu wa barabara ile hawakumsalimia tena, naye hakushika brashi.

Novemba alipatwa na kiharusi, mkono wa kulia ukafa. Wapo waliosema mkono umelipwa. Tuliwasikia, na tuliumia sana. Baba alidanganywa, hakuwa adui wa mtu. Alifariki nyumbani Chwele tarehe 3 Juni 2025, saa kumi na moja alfajiri.

Ameacha mjane, Agneta. Watoto, Emmy ninayewasomea, Makokha na Wilkista. Na wajukuu wanne.

Aliagiza msalaba wake usiandikwe na fundi wala na sisi watoto. Alitaka uandikwe na mtu wa Barabara ya Kinu, kama yupo atakayekubali. Mama Gladwell, ulituma habari kwamba utakuja. Brashi na rangi nyeusi viko kando ya kaburi, na uzi wake na chaki. Ukikataa hatutakulaumu. Tutausimamisha hivyo hivyo, bila jina.

Bwana ampe Baba pumziko.