Injini ya Shemeji na Pembe Zake Nne

Benchi letu liko mbele ya karakana yangu, ubao mmoja mrefu niliouranda mwenyewe mwaka niliooa, na hadi leo kila makalio yana sehemu yake. Tingatinga, aliyebeba magunia ghalani miaka ishirini, hukaa mwanzoni. Injinia, fundi baiskeli, hukaa katikati kwa sababu anapenda kusikika pande zote. Kobe hukaa mwisho apate kunyoosha mguu wake mbovu. Mimi seremala hukaa penye birika, maana kahawa ni yangu. Nafasi ya marehemu Bosi iko wazi tangu mwaka jana, na hakuna anayeikalia. Jioni ile tulikuwa tunajadili injini ya mashine ya kusaga ya mjane wake, shemeji yetu. Korongo la nyuma ya shamba limekula ardhi hadi ukuta wa banda, mvua zimekaribia, na sisi tumeahidi kesho asubuhi kuihamishia injini juu, karibu na nyumba. Isipohama itaangukia korongoni, na shemeji hana kazi nyingine.

TINGATINGA: Mnakuza mambo. Nani aliiingiza bandani? Si sisi, watu wanne, kila mtu na pembe yake? Kesho tunaishika vilevile, tunaondoka nayo.

MIMI: Mwaka ule wewe ulikuwa na kiuno. Juzi uliinama kuokota kofia, tukaitana kuja kukuinua.

TINGATINGA: Ile kofia ilikuwa imelowa.

INJINIA: Mambo ya nguvu yamepitwa na wakati. Tupake sabuni sakafuni, tuivute kwa kamba. Itateleza yenyewe.

KOBE: Iteleze kwenda wapi? Banda lote limeinamia korongoni.

INJINIA: Basi kamba tuifunge kwenye baiskeli. Baiskeli sita, zote zikanyagwe kwa pamoja kupanda juu.

MIMI: Na breki?

INJINIA: Breki tutazijadili tukifika.

TINGATINGA: Afadhali tungoje mvua. Korongo likijaa, tunaifungia mapipa matupu, inaelea.

KOBE: Mnahangaika bure. Ile si injini? Tuifungie magurudumu, tuiwashe. Inasagia watu wote hawa unga, ishindwe kujibeba yenyewe?

Tulicheka mpaka kahawa ikamwagika. Halafu kicheko kikakatika, kama kinavyokatika siku hizi, kwa kuwa Bosi ndiye aliyekuwa na neno la mwisho la kukimalizia.

TINGATINGA: Mnakumbuka kubeba hewa?

KOBE: Nisahau? Hujagusa kitu bado, jamaa anatupanga pembe nne, mikono mitupu. Tunatembea njia nzima hadi mwisho, tunainama, tunashusha hewa. Akina mama kisimani hawana mbavu.

INJINIA: Huku yeye mikono iko mfukoni.

TINGATINGA: Ndiyo maana tukamwita Bosi. Maisha yake yote sijaona jasho lake.

Hapo akatokea binti wa Bosi. Alilelewa kwa shangazi yake mbali, akarudi kwenye msiba, na hajaondoka tena. Mkononi alikuwa na glavu mpya za kazi.

BINTI: Shikamooni, baba zangu.

Tukaitikia marahaba kwa pamoja.

BINTI: Mama anauliza kesho aandae chai ya watu wangapi. Na mimi nina swali langu. Nataka kushika sehemu ya baba. Alikuwa anashika pembe ipi?

TINGATINGA: Ngoja. Mbele kushoto nilikuwa mimi.

INJINIA: Mbele kulia, mimi.

KOBE: Nyuma kushoto ni yangu.

Nyuma kulia nilikuwa mimi. Tukaizunguka injini ile vichwani mwetu mara mbili, na haikuwa na pembe ya tano. Nani angemwambia mtoto wa watu kwamba baba yake hakuwa anashika kitu?

Kobe akavua kiatu cha mguu mbovu. Mguu ule una vidole vitatu.

KOBE: Mwanangu, siku moja tulihamisha tangi la maji la shule, baba yako akiwa kitandani, anaumwa. Tulikuwa sisi hawahawa, na nguvu tele. Kila mtu alitazama mikono yake. Hakuna aliyetazama mguu wangu.

BINTI: Kwa hiyo baba alikuwa anatazama miguu?

MIMI: Miguu, mawe ya njiani, nani amechoka lakini anaona aibu kusema. Akisema shusha, tunashusha, hata zikiwa zimebaki hatua mbili.

Nilimwita mvivu miaka thelathini, mbele ya macho yake, naye akicheka tu. Jioni ile nilitamani sana kumwomba radhi.

BINTI: Na kesho nani atasema shusha?

Tingatinga akamtazama Injinia, Injinia akanitazama mimi. Kila mmoja wetu alijua pembe yake, basi. Nikainua birika nimimine ili nipate la kufanya, yakatoka matone mawili na machicha.

Binti akazisukumia glavu zake mfukoni, na mikono ikabaki humo humo. Tingatinga akanifinya paja.

BINTI: Simameni. Kila mtu pembe yake. Nataka kuona mnavyobeba hewa.

Tukasimama barabarani, wanaume wanne wenye mvi, tukainama, tukainua. Mama mmoja aliyekuwa anapita na ndoo aliitua kabisa ili acheke vizuri. Tukapiga hatua kumi, Tingatinga akianza kuharakisha kama kawaida yake.

BINTI: Polepole, mbele kushoto. Haya. Shusheni.

Tukaanza kushusha.

BINTI: Simama. Baba mdogo, mguu wako uko chini ya mzigo. Utoe kwanza.

Kobe akatazama chini. Kweli, mguu wake mbovu ulikuwa umetangulia ndani. Akautoa, tukaituliza hewa yetu chini, na sisi watatu tukanyooka. Yeye alibaki ameinama palepale, mikono magotini, analia wala hajifichi.