Yule Mkali wa Dirisha la Tatu

Baada ya miaka thelathini na mmoja katika ofisi yetu ya maji, karibu yote akiwa dirisha la tatu la huduma kwa wateja, dada yetu anastaafu tarehe thelathini mwezi huu. Nimeombwa niandike wasifu wake kwa sababu nimekaa dirisha la nne, bega kwa bega naye, kwa muda mrefu kuliko nilioishi na mume wangu. Tatizo ni kwamba mtu mwenyewe sijamwelewa hadi leo.

Wateja walimwogopa tangu mwanzo. Mtu akianza na "samahani, naomba kuuliza," alijibiwa, "Uliza basi, usiombe." Akitaka kujua maji yatatoka lini, sisi wengine tulisema hivi karibuni. Yeye alisema, "Wiki hii hayatoki. Tafuta ndoo." Watu waliondoka wamenuna, wakapitia kwenye sanduku la maoni.

Malalamiko yalipozidi, meneja alileta mwalimu wa kutufundisha ukarimu. Dada alijitahidi kweli kutabasamu. Mteja wake wa kwanza baada ya mafunzo, fundi cherehani, alimwangalia kwa huruma.

"Pole dada," alisema. "Ni jino?"

Siku hiyohiyo alihamishiwa stoo ya mabomba, nyuma ya jengo. Alikwenda bila kulalamika.

Hapo ndipo mambo yaliponichanganya. Dirisha la tatu alikaa binti mpole, sauti kama asali. Watu walimpenda. Walimsikiliza, wakamshukuru, wakatoka nje, wakazunguka nyuma na kugonga mlango wa stoo. Meneja alipokwenda kutazama, nasi nyuma yake, alikuta foleni ya nyuma ni ndefu kuliko ya mbele, na aliyeitangulia ni mama mwenye mgahawa, kinara wa malalamiko yote.

"Mama, si wewe uliyetaka huyu aondolewe?" meneja aliuliza.

"Ni mimi."

"Sasa huku umefuata nini?"

"Nataka kujua kesho nipike au nifunge. Yule wa mbele kaniambia nisijali. Nisijali vipi, baba, na wateja wangu wanakula?"

Kisha akatusimulia jambo ambalo hatukuwahi kulisikia. Mwaka bomba kubwa la mtaa lilipopasuka, dada alimfuata mgahawani baada ya kazi, kwa miguu, kumwambia akinge maji mapema. Alimgombeza kwa kuacha mapipa wazi, akayafunika mwenyewe, akaondoka zake. Fundi cherehani, naye yumo foleni, akasema kumbe si yeye peke yake aliyefuatwa. Mwalimu wa chekechea naye akanyoosha mkono. Sisi wa madirishani tulitazamana tu.

Wiki iliyofuata dada alirudishwa dirishani, tukashangilia. Kabla wiki haijaisha, mama wa mgahawa alikuja kwa meneja kumlalamikia.

Juzi, wakati wa chai, niliona nisipouliza sasa nitabaki na swali hili maisha yangu yote.

"Dada, mbona unawakaripia watu, halafu unawafuata hadi kwao?"

Alinitazama kwa mshangao.

"Nani anawakaripia?"

"Wewe."

"Mimi?" Aliwageukia wenzetu mmoja mmoja. Kila mmoja akaona vizuri aangalie chai yake.

"Mimi nilidhani naongea nao vizuri," alisema taratibu. "Ndivyo ninavyoongea na wanangu."

Nilikumbuka tu kwamba mimi pia, siku niliyofiwa na mama yangu, dada alinikuta nalia dirishani akaniambia niache kuchafua meza. Halafu akawahudumia wateja wake na wangu kwa zamu, hadi jua likazama, na hakuniacha nirudi nyumbani peke yangu.

Dada, ahsante kwa kila jibu ulilotupa, hata yale yaliyotuuma. Wajukuu wako wanakusubiri kwa hamu, nasi tunawaombea uvumilivu. Wewe tunakutakia afya njema, usingizi wa asubuhi usio na kengele, na bomba lisilokauka uani kwako. Likikauka, njoo dirisha la nne. Nitakwambia ukweli.