Okestra Isiyo na Gitaa

Nyuma ya ghala la ufuta, pale Nachingwea, kuna benchi la kahawa lililobonyea katikati, na hapo katikati ndipo kiti cha mzee Saturnini. Kijiweni wanamwita Ridhimu, maana enzi zake alipiga gitaa la ridhimu katika Okestra Mkorosho, bendi iliyowatoa watu jasho mpaka Ruangwa. Leo mjukuu wake Scholastika, anayesomea kompyuta Dar, kaja na miwani kubwa ya kuvaa usoni. Kasema ndani yake kuna okestra, na kila sauti inaonekana kwa rangi. Kusikia okestra, Ridhimu aliiacha kahawa ikapoa. Alidhani anakwenda kuwaona wenzake wa bendi, akaivaa.

— Mbona wamekaa? Watu kibao, suti nyeusi, kama wapo msibani! Gitaa liko wapi?

— Babu, hii okestra ya Kizungu, ya vayolini. Rangi unaziona?

— Naziona, zinapanda kama moshi wa korosho. Lakini okestra bila gitaa? Hao wametapeliwa!

Sadiki wa pale kijiweni, anayejiita Profesa, akarukia:

— Gitaa wamelificha. Wanaogopa watu watainuka kucheza.

— Wewe hujui, akasema Nuhu Dalali. Sauti hazipotei. Za Mkorosho ziliganda kwenye kuta za ukumbi waliokuwa wakipigia.

— Ukumbi si ulibomolewa?

— Matofali yake ndiyo haya ya ghala! Unadhani popo wa humu wanalala mchana kwa nini? Usiku kucha wako kwenye rumba.

Wakacheka mpaka vikombe vikamwagika. Ridhimu hakucheka.

— Schola, hii miwani haiwezi kutuonyesha sisi Mkorosho?

— Mlirekodi, babu?

— Tulikuwa twende Dar kurekodi. Mvua ikakata barabara, tukasema mwakani. Kabla ya mwakani Mbaruku wa gitaa la solo tukamzika Ruponda.

— Basi imba. Itachora unachoimba.

— Chaka-chaka, chaka-chaka...

Schola akaizima ile okestra; mstari mwembamba wa kijani ukatokea gizani, ukacheza. Vidole vya Ridhimu vikajipinda vyenyewe kushika nyuzi. Alifurahi jamani, alifurahi mpaka machozi yakamtoka chini ya miwani.

Mama mmoja kutoka Ruangwa, aliyeleta ufuta wake ghalani, akasimama ghafla.

— Huo si wimbo wa harusi yangu? Nyie ndio mliopiga! Eti baba, hapo solo ilikuwa inaingiaje?

Kijiwe kizima kikamgeukia Ridhimu. Alifungua mdomo, akaitafuta solo ya Mbaruku, akatafuta. Ule mstari wa kijani ukakatika, na ndani ya miwani kukabaki giza.