Dakika Kumi za London

Kwenye foleni ya kibanda cha simu Kitengela, mama mwenye duka la nguo alishindwa kunyamaza. "Leo Najah wangu anatoka Amsterdam saa tano, anafika London saa tano na dakika kumi. Kaka yake anamngoja. Miaka tisa hawajaonana."

"Dakika kumi?" akauliza dereva wa lori aliyekuwa mbele yake. "Mimi hata Isinya sifiki."

"Wewe uko na lori, mzee. Hiyo ni ndege, na imeandikwa kwa tiketi."

Nilijua saa ya London iko nyuma kwa saa moja, lakini hakuna aliyeniuliza.

Simu ikawa wazi. Dereva akampisha, bado anatikisa kichwa. "Haiwezekani. Lakini piga wewe kwanza, mama, isije ikawa ameshafika."