Mlango Aliouomba Mzee Kifua

Tarehe thelathini mwezi huu, baada ya miaka ishirini na sita ya kazi, Mzee Kifua, mkuu wa walinzi wa kasino yetu, anastaafu na kuvua koti jeusi la kazi. Makoti yamepita mengi; kifua ni kile kile.

Mimi mgawa karata nimefanya kazi kasino za nchi nne, kwa hiyo nikisema mlinzi kama huyu sijaona, jambo hilo limekwisha. Alianza getini, akikagua mifuko kwa adabu hata wateja wakamwonyesha picha za wajukuu. Alipanda cheo bila kumpanda mtu kichwani.

Zamani mteja akishukiwa wizi alipelekwa chumba cha nyuma, akafungiwa kwa ufunguo, akapekuliwa mpaka soksi. Tuliita hiyo kazi. Siku moja ya mapumziko, Mzee Kifua, wakati huo tayari mkuu, alipita kuchukua mwavuli wake, amevaa shati la maua na kandambili. Walinzi wawili wageni hawakumjua. Wakamkamata na mwavuli mkononi. Alipojieleza, wakamjibu kwamba kila mwizi ana maelezo. Alifungiwa humo hadi mpishi alipopita koridoni akatambua kikohozi chake.

Hakumfukuza mtu. Aliomba bisibisi, akaung'oa mlango wa chumba kile, akauegemeza stoo.

Meneja akampa hadi Jumatatu aurudishe, la sivyo aondoke nao. Nyumbani kulikuwa na mama mgonjwa na watoto wanaosoma. Jumatatu ikafika, mlango bado stoo.

Siku hiyohiyo, mama mmoja fundi cherehani, mteja wa meza yangu, alituhumiwa kuiba chipu, zile sarafu za kuchezea, za bwana aliyekaa naye. Akaletwa chumba kile cha nyuma. Meneja akataka apekuliwe.

"Haguswi," alisema Mzee Kifua, akimvutia mama kiti. "Asiporidhia, tuite polisi. Na akitaka kuondoka, njia ile pale."

Mama akatazama mahali palipokuwa na mlango. Koridoni alisimama mshitaki wake, akilalamika kwa sauti.

"Siondoki, mwanangu. Ila yule baba, pindo la suruali yake limefumuka. Mbona linaning'inia kama lina mawe?"

Chipu zote zilikuwemo, zimepita kwenye mfuko uliotoboka. Meneja hakuuliza tena habari za mlango. Wala hakuomba radhi. Hiyo aliiomba Mzee Kifua, kwa mikono miwili. Mama akajitolea kushona lile pindo, kwa bei ya haraka.

Juzi tulisikia mkuu mpya anakuja, na kwamba anapenda vyumba vinavyofungika. Tukamuuliza mzee anataka zawadi gani, tukidokeza jokofu. Akaomba mlango ule wa stoo. Anaugeuza meza ya kulia.

Basi atakayetaka kumfungia mteja, kwanza aende kwa Mzee Kifua akaombe meza, tena atawakuta watu wanakula.

Ahsante, mzee wetu. Staafu salama, meza isikaukiwe, na kila aingiaye kwako atoke apendapo.